Ulanzi Uliochacha Njiani

Ukiambiwa una ukoma, usianze na kulia. Anza na beseni la maji ya uvuguvugu, na maji hayo ayapime mtu mwenye mkono mzima, si wewe. Osha miguu, ikague kidole kwa kidole, maana miguu hiyo haitakuambia tena ikichomwa na mwiba. Kulia utalia baadaye. Lakini utakapolia, usilie kwa sababu kuna mtu amekuambia umelaaniwa. Huyo mwache aende zake, na ukiweza, mfungie mlango.

Haya nayaandika mwenyewe kwa mkono wa kulia, ambao vidole viwili bado vinanitii na vitatu vimekunjamana kama makucha ya kuku. Shule niliiona kidogo. Nilipoweza kusoma Injili na kuandika jina langu, Ezekia, baba alinirudisha machungani. Kwa hiyo usitafute hapa habari za vijidudu. Sista wa misheni alinieleza vizuri, nikaitikia, nikasahau. Nitakuambia nilichokiona, na kwa kuwa bado nina hasira, nitakiambia kwa hasira. Maandiko yanasema jua lisichwe na hasira yako bado ipo. Yangu ililala na jua, ikaamka nalo, ikanywa uji.

Mimi ni fundi wa matofali. Kazi hii sikurithi. Baba yetu alichunga ng'ombe wa watu wengine huku upande wa Mdandu, na alipokufa alituachia, mimi na kaka yangu Lutengano, ngozi moja ya kulalia. Kuchoma tofali nilijifunza kwa kumbebea maji fundi wa misheni mpaka akachoka kunifukuza. Nilipomaliza nyumba yangu ya tofali na bati, hata jumbe alikuwa bado analala chini ya nyasi, na watu wakaulizana nimeiba wapi. Sikuiba. Nilikanyaga udongo. Na lile kanisa letu jekundu unaloliona ukitoka Njombe kabla hujashuka mtoni, tofali zake nimezifyatua mimi, nikazichoma mimi, nikazipanga mimi. Weka hilo akilini, tutalirudia.

Ilikuwa kipupwe, majira ya baridi ambayo asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa jalidi. Tulikuwa tunafungua tanuru ambalo halijapoa sawasawa, kwa sababu mwenye kazi alikuwa na haraka. Nikasikia harufu. Nikawauliza wenzangu, "Nani anachoma nyama huko?"

"Fundi ana njaa huyu," mmoja akasema, wakacheka.

Kisha yule aliyecheka akaacha. Alikuwa anatazama mkono wangu. Nilikuwa nimeshika tofali lenye moto ndani, na nyama iliyokuwa inaungua ilikuwa yangu. Nililiweka chini taratibu, kama mtu anayeweka yai. Sikuumia. Hapo ndipo nilipoogopa, maana mtu mzima anajua kwamba kuumia ni haki yake.

Mke wangu, mama Yosia, alikuwa ameshaona baka jeupe mgongoni kwangu tangu mvua zilizopita. Alikuwa akilipaka mafuta ya nyonyo na kunyamaza. Usiku wa siku ile alilichoma kwa ncha ya sindano ya kushonea.

"Unasikia?"

"Umeshaanza?"

Akakaa chini.

Dresa wa Njombe, yule mfunga vidonda wa zahanati, alinitazama akiwa mlangoni, mimi nikiwa uani. Akasema niende Makambako, huko Sista wa misheni hupita kuwaona wagonjwa wa namna yangu. Sasa wewe unayesoma, kama umepita Makambako unaijua ile njia panda: barabara za kwenda kila upande, maduka machache, na upepo. Upepo wa pale una mchanga, na mchanga una meno. Kwenye baraza ya zahanati palikuwa na benchi refu la mbao, limejaa watu. Nilipokaa mwisho wake, aliyekuwa karibu nami aliona masikio yangu yalivyovimba, akasimama kama aliyekumbuka jambo. Akafuata wa pili. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisema, "Hapa kuna upepo," akaenda kukaa penye upepo zaidi. Mwishowe benchi zima likawa langu. Katika maisha yangu sijawahi kupewa nafasi kubwa namna hiyo, hata na Bwana Shauri, mkuu wa boma.

Ukifika pale, kaa katikati ya benchi. Usikae pembeni. Nakwambia kama fundi: kitu kikikaa pembeni huanguka.

Sista alinichana ngozi ya sikio, akatazama kwenye mashine yake, akarudi akaniambia kwa Kiswahili chake cha kizungu kwamba ni ukoma, kwamba dawa ipo, kwamba nitakwenda kambini, mbele ya Makambako, na kwamba sitakwenda leo kwa sababu nafasi haijapatikana. Nirudi nyumbani, nisubiri mwezi uandame. Alinishika mkono aliposema. Mungu amwekee hilo.

Nikarudi kusubiri, na kule kusubiri ndiko kulikonitesa kuliko sindano zilizokuja baadaye.

Kwanza nyumbani. Kaka wa mke wangu, Samweli, ni mzee wa kanisa letu. Alikuja akasimama nje ya nyumba yangu ya tofali, akamwita dada yake, wakanong'ona. Tangu siku ile ugali wangu ukaja kwenye sahani ya peke yake, ile yenye ufa. Nilikula. Siku ya tatu au ya nne mama Yosia aliiweka mbele yangu, akaitazama, akaichukua tena akaitupa ukutani na ugali wake. Kisha akaketi, akavuta sahani kubwa, akasema, "Kula." Tukala pamoja, mkono wake na wangu katika bakuli moja la maharage, yeye akilia na kumega, akimega na kulia. Hiyo ni rehema. Ukiipata ya namna hiyo, usiulize imetoka wapi.

Kisha kanisani. Mchungaji wetu ana sharika nyingi, anazizungukia kwa baiskeli, na Meza ya Bwana kwetu huandaliwa mara chache kwa mwaka. Siku hiyo ikaangukia kabla sijaondoka, nami niliitaka sana. Nilikuwa naondoka nisijue kama nitarudi nikiwa na pua. Nilivaa koti langu jeusi nikaenda. Mlangoni nikamkuta shemeji yangu Samweli amesimama kama gogo.

"Shemeji, wewe tumekuandalia hapa hapa nje," akasema. "Usijisumbue kuingia."

Nikatazama mkono wake. Alikuwa ameshika kikombe cha bati chenye kutu ukingoni. Nilikitambua kikombe kile. Kilikuwa kikombe changu cha kuchotea chokaa tulipopaka kuta za kanisa. Kilikuwa bado kina weupe ndani. Ndani ya weupe ule walikuwa wamemimina divai ya Bwana.

"Hiki ni cha chokaa," nikasema.

"Tumekiosha."

"Nanyi mtanywea kipi?"

Ndani, juu ya bega lake, nilimwona Mchungaji madhabahuni ameshika kile cha fedha, ametazama mlangoni. Tulitazamana. Kisha akageuka, akaendelea na ibada. Na mimi nikaondoka bila kunywa. Kwenye kona ya ukuta niliweka mkono juu ya tofali zangu. Mkono haukusikia kitu.

Watu wengi walinijia siku zile. Wote walisema neno moja: "Mwachie Mungu." Nimelifikiria neno hilo kwa miaka. Mimi namtegemea Mungu, nisidhaniwe vingine. Sina mwingine wa kumtegemea, na usiku ule wote nilioamka nikitafuta vidole vyangu gizani nilizungumza naye Yeye, mara nyingine kwa ukali. Lakini "mwachie Mungu" kinywani mwa mtu mzima mwenye miguu mizima ni neno la mtu anayetaka kuondoka. Anakuacha, kisha anasema kakuacha kwa Mungu.

Basi mwezi ukaandama, nikaenda. Dereva wa lori pale Makambako alinipandisha juu ya magunia, nyuma kabisa. Akasema, "Mzee, kaa huko, upepo uchukue ugonjwa wako."

Kambini nilipangiwa kibanda kimoja na Mkinga wa Matamba, jina lake Sanga. Alikuwa mchuuzi kabla ya ugonjwa, na alikuwa amepoteza vidole vyote vya mguu wa kushoto. Aliponiona nimesimama mlangoni na koti langu jeusi, akasema, "Mmeniletea Mbena. Sasa nitakufa kweli."

"Kwa nini?"

"Wabena wanakoroma kwa Kibena. Sitaelewa."

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu tanuru. Huyo Sanga ndiye aliyenifundisha kuosha miguu. Kila asubuhi alipima maji kwa kiwiko, maana kiwiko chake kilikuwa bado kinasikia, akaniosha mimi, nami nikamkagua yeye nyayo kwa macho, kwa sababu macho yake yalikuwa yameharibika. Mtu mmoja na nusu, tulijiita. Hakuwa mtu wa kuomba kwa sauti. Sikumsikia akihubiri hata siku moja.

Dawa za wakati ule zilikuwa sindano za mafuta. Mafuta mazito, ya rangi ya chai, sindano nene kama msumari. Ijumaa ilikuwa siku ya sindano, na kwa sababu hiyo Jumapili kanisani kambini tuliimba tumesimama wimbo baada ya wimbo, maana kukaa hakukaliki. Wageni wa misheni walipokuja walisifu. Walisema, "Watu hawa wana ibada, hawataki kukaa." Sanga akaninong'oneza, "Waambie wapige picha na sababu yenyewe." Walipiga picha mikono yetu. Waliimba nyimbo mbili, wakaacha sabuni, wakaenda kabla ya chakula. Sabuni ilikuwa nzuri.

Mwili ulibadilika. Nyusi zilidondoka kwanza. Asubuhi moja nilijitazama kwenye maji nikamwona mtu anayeshangaa. Kisha vidole vikaanza kukunjamana polepole, kama jani karibu na moto. Kidonda kikafunguka chini ya unyayo, kikakaa mvua nzima na kiangazi chake. Pua iliziba. Sauti yangu, ambayo ilikuwa ikisikika kutoka tanuru hadi barabarani, ikawa ya mtu aliye ndani ya mtungi.

Na kwetu? Usharika wangu haukuja. Nataka niseme hili vizuri, maana ndilo linaloniuma. Mwaka ule ule walimtuma mwinjilisti kwenda Upangwa, kule njia ya Liganga, kuwapelekea Neno watu wasiolisikia. Walimsindikiza kwa nyimbo mpaka barabarani, walimpa blanketi na kuku, wakalia. Vizuri. Sikatai. Lakini kambi yetu ilikuwa karibu kuliko Liganga, na mtu wao wenyewe alikuwa amelala huko, na hakuna aliyesindikizwa kuja. Inaonekana ni rahisi kumpenda Mpangwa ambaye hujamwona kuliko Ezekia uliyemwona.

Aliyekuja ni Lutengano.

Kaka yangu hajabatizwa. Wamemhubiria tangu ujana wake, naye husikiliza kwa adabu, kisha huuliza kama mahindi yao yameota. Alikuja mvua za pili tangu niondoke, wakati mianzi inapogemwa. Nilikuwa nimekaa nje ya kibanda nikitazama matope. Nikaona mtu anapanda kilima na mbeta mgongoni, ile mianzi minene inayotumika kubebea ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi, ameifunga kwa kamba ya gome. Alikuwa ametoka kwetu kwa miguu. Lori lilimkataa kwa sababu aliwaambia anakokwenda.

"Kamwene," akasema.

"Kamwene, kaka."

Alinitazama usoni, penye nyusi zilizopotea, akatazama mikono. Hakugeuza macho.

"Umekuwa mbaya," akasema.

"Wewe ulizaliwa hivyo."

Akacheka, akaketi karibu nami kwenye gogo, bega kwa bega. Akaniambia habari za nyumbani: mama Yosia amekwisha kupalilia, Samweli amekuja mara mbili kumtaka arudi kwao, asije akafa na mkoma, mara ya pili mke wangu amemtokea na jembe. Kisha akazibua mbeta.

Sasa kwa wewe usiye wa huku nikueleze. Kwetu mtu akikukaribisha ulanzi, anaonja yeye kwanza mbele ya macho yako, kisha anakupa pale pale alipoweka mdomo wake. Maana yake ni kwamba hapa hapana sumu, na kama ipo, tutakufa wawili. Asiyeonja kwanza si mwenyeji, ni adui. Na mimi niliuacha ulanzi siku ya ubatizo wangu. Usharika wetu umeukataza, nami nilisimama nikaapa na wengine, na kiapo hicho sikuwahi kukivunja hata kwenye harusi.

Lutengano alionja. Hakuonja kidogo, alikunywa. Akafuta mdomo, akanipa mbeta.

Nikaishika kwa viganja viwili, maana vidole havishiki. Sikuwa nimeshiriki chombo kimoja na mtu wa kwetu tangu sahani ile ya mama Yosia. Nikanywa. Ulikuwa mkali. Nikamrudishia, naye akanywa tena nyuma yangu, pale pale, bila kufuta. Tuliendelea kunywa tukizungumza habari za ng'ombe aliochunga baba. Sanga alikuja akanusa, akasema, "Mnyalukolo wako, huyu ndugu yako, ni mtu mwema. Muulize kama ana shamba la kuuza." Akapewa fungu lake.

Huo ndio ulanzi wenyewe. Ukumbuke.

Baadaye sindano zikakoma, vikaja vidonge. Usidanganywe kwamba vidonge ni vitamu. Miezi ya kwanza mwili uliwaka, nikavimba uso, nikataka kufa, nikamwambia Sista anirudishie msumari wake. Lakini kipupwe kilipokuja baka la mgongo lilikuwa limepoteza makali, kidonda cha unyayo kikafunga, na pua ikafunguka nikasikia harufu ya udongo wenye mvua. Nililia siku hiyo. Hiyo ilikuwa sababu ya kweli.

Kambi ilikuwa na vibanda vya fito, vinavuja. Nikamwambia Sista nitajenga.

"Mikono yako haifai tanuru," akasema. "Nimekukataza moto."

"Mikono yangu haifai. Mdomo wangu unafaa."

Nikawafundisha. Wenye miguu walikanyaga udongo, wenye mikono walifyatua, na wasiosikia moto tuliwaweka mbali na moto, tukawapa kazi ya kufunika kwa nyasi. Sanga asiyeona vizuri alipiga hesabu, kwa sababu Mkinga haachi hesabu hata kaburini. Nilitukana sana. Tofali zikatoka. Tulijenga wodi moja, kisha jiko. Hakuna aliyeimba wakati tunajenga, tulikuwa na kazi. Lakini mtu akiniuliza ni lini nimemtumikia Mungu, sitamwonyesha kanisa jekundu la Njombe. Nitamwonyesha jiko lile.

Mwishowe Sista akanichana sikio tena, na mara nyingine tena mvua iliyofuata, na mara ya tatu akasema nimetakasika. Ndivyo alivyosema, kwa neno la Biblia, kwa kuwa hakujua lingine. Nirudi nyumbani. Sanga alibaki. Alinisindikiza hadi barabarani kwa mguu wake mmoja na nusu, akasema, "Nenda ukakorome kwenu."

Mama Yosia alinipokea mlangoni. Alinigusa mahali nyusi zilipokuwa, akasema, "Zitaota?" Nikasema hazitaota. Akasema, "Basi tutazoea." Kisha akaniambia, akiwa amegeukia jiko, kwamba Meza ya Bwana inaandaliwa Jumapili ijayo, na kwamba wazee wananiita kwanza barazani.

Nilikwenda nikijua nataka nini. Nilitaka kitu kimoja tu, kunywa kikombe kile cha fedha nikiwa kwenye mstari wangu, kama mtu. Sikutaka waniombee. Sikutaka sherehe.

Baraza lilikaa kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, nilichokijenga mimi. Wazee walikuwa wamezunguka meza, na kigoda kimoja kilikuwa karibu na mlango.

"Shemeji, kiti chako ni kile," akasema Samweli.

"Kile ni cha kuku." Nikavuta benchi, nikakaa katikati yao. Mmoja alisogea. Mwingine hakusogea, namshukuru.

Mchungaji alikuwa ameketi, amezeeka. Samweli akasimama. "Habari ya ukoma tumeielewa. Sista amesema umepona, tunamtukuza Mungu. Shauri letu ni jingine. Ni ulanzi. Kaka yako mwenyewe amekitangazia kijiji kizima kwamba alikunywa nawe kambini, mbeta nzima. Sheria ya usharika unaijua. Mlevi hutengwa na Meza mpaka atubu mbele ya watu."

Ndugu yangu unayesoma, ungecheka au ungelia? Walininyima kikombe kwa sababu ya ugonjwa. Ugonjwa umeondoka, wamepata sababu nyingine, tena safi kuliko ya kwanza.

"Mlianza lini kuangalia ninachokunywa?" nikauliza. "Hamkuwahi kuja kuangalia ninachokula."

Mzee mmoja mpole, yule ambaye hakusogea, akakohoa. "Wenzangu," akasema, "huenda ulikuwa mtogwa tu."

Wote wakanigeukia, hata Samweli. Kwetu ulanzi wa asubuhi ile ile, ulio mtamu, huitwa mtogwa. Watoto hunywa, wake wa wainjilisti hunywa, na hakuna baraza lililowahi kukaa kwa sababu yake. Uliochacha huitwa mkangafu, na huo ndio unaoangusha watu. Yule mzee alikuwa amenifungulia mlango. Neno moja, mtogwa, nami Jumapili ninakunywa. Mchungaji mwenyewe alikuwa ameinama akingoja nilitamke.

"Ulikuwa mkangafu," nikasema.

Mzee mpole akafumba macho.

"Subirini. Ulitoka kwetu ukiwa mtogwa. Kaka yangu aliugema alfajiri. Akaubeba mgongoni kutwa nzima, akalala Makambako, akaubeba tena. Kila hatua ulikuwa unachacha. Ulanzi hauna kosa, ndivyo ulivyo, ukikaa njiani unachacha. Sasa mkitaka kujua kwa nini nilikunywa mkangafu, msiulize mbeta, ulizeni njia. Nani aliniweka mbali kiasi hicho, hata kitu kitamu kisinifikie kikiwa bado kitamu? Na katika ninyi wote, nani aliniletea hata maji? Sitatubu. Kutubu ulanzi ule ni kumtubu kaka yangu."

Kuku aliingia, akatoka.

Mchungaji akainua kichwa. "Nani alionja kwanza?"

"Yeye."

"Na baada yako?"

"Yeye tena."

"Alifuta?"

"Hakufuta."

Wote mle ndani ni Wabena. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mchungaji alivua miwani, akaiweka mezani. "Siku ile ya kikombe cha bati," akasema, "nilikuona mlangoni."

"Nilikuona ukiniona."

"Nikaendelea na ibada."

"Ndiyo."

Mchungaji akasema, "Basi ulanzi ule tuliuchachusha sisi."

"Mchungaji, lakini sheria," akasema Samweli.

"Sheria naijua, Samweli, nilikuwapo ilipotungwa. Maneno ya kumtubisha mtu kwa sababu amekunywa na ndugu yake, mimi siyajui. Kama wewe unayajua, msomee." Samweli akaketi. Mchungaji akanigeukia. "Utakuja Jumapili?"

"Nitakuja. Nikikiona kile cha bati, natoka."

"Kile cha bati," akasema mzee mpole, "mama mchungaji analishia kuku."

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje, maana habari ilikuwa imetembea. Lutengano alikuja naye, akasimama nje kwenye dirisha, mikono juu ya tofali, kofia kichwani. Wanaume ndio wanaotangulia kwetu. Nilipopiga magoti palikuwa na nafasi kulia kwangu na kushoto, kama lile benchi la Makambako. Kisha Samweli, ambaye kama mzee wa kanisa hawezi kubaki amesimama macho ya watu yakimtazama, akaja akapiga magoti kushoto kwangu. Nilisikia anavyopumua.

Desturi ya Mchungaji wetu ni kunywa mwisho, watu wote wakiisha. Siku hiyo alitusogelea na kikombe cha fedha, akasimama mbele yangu, na kabla hajanipa, akakiinua akanywa yeye kwanza. Kanisa likavuta pumzi. Kisha akakileta mdomoni kwangu, akaniwekea mkono chini ya viganja vyangu visivyoshika. Nikanywa. Divai ilikuwa kidogo, na tamu.

Akafuta ukingo kwa kitambaa cheupe, mara moja, kama anavyofanya kwa kila mtu. Nilikuwa natazama. Hakufuta mara mbili.

Kikombe kikahamia kushoto. Kikasimama mbele ya Samweli. Kikakaa hapo muda mrefu kuliko inavyopasa, na midomo yake ilikuwa imefungwa, na jasho lilikuwa limemtoka kwenye baridi ile. Mchungaji hakukisogeza mbele wala nyuma. Mwishowe Samweli akafungua mdomo, akanywa.

Sikumshukuru, wala sijamshukuru mpaka leo. Mtu hashukuriwi kwa kunywa kinachonywewa na watu. Tunasalimiana, anakula kwangu, mke wangu humwekea sahani nzima. Hasira yangu kwake imebaki ile ya kuamka na kunywa uji tu.

Nilipotoka nje Lutengano alikuwa bado dirishani. Akaniuliza, kwa sauti ya watu wote kusikia, "Alionja kwanza?"

"Alionja."

"Na aliyekufuata?"

"Samweli."

Kaka yangu akavaa kofia vizuri, akatazama kanisa langu jekundu kuanzia msingi hadi paa, kama mnunuzi.

"Wamechelewa," akasema. "Na mimi nilikwenda kwa miguu."